Miezi ya Mpira na Chupa

Jumatatu, 2 Oktoba 1961

Chupa imejaa tena kabla ya adhuhuri. Nimeimwaga chooni nyuma ya duka la Bwana Kanji, nikaisuuza kwa maji ya chumvi, nikairudisha mfukoni. Mfuko nimeushona mwenyewe. Kaki nzito, mikanda miwili ya kufungia pajani, unakaa chini ya kanzu. Kazi nzuri. Afadhali nisingelazimika kuifanya.

Mpira unatokea chini ya kitovu, kwenye tundu alilonitoboa daktari mwezi wa Julai, siku lori la pamba liliporudi nyuma bila dereva kuangalia, likanibana ukutani. Nyonga ilivunjika. Njia ya mkojo ikakatika huko ndani, chini ya kibofu. Mfupa umeunga, njia haikuunga. Tangu siku ile halijatoka tone kwa mbele.

Daktari anasema ataipasua na kuiunganisha mwisho wa Novemba, akiona mkojo ni safi. Mwisho wa mwaka anarudi kwao Ulaya. Hapa Mwanza hakuna mwingine anayeifanya kazi hiyo, kwa hiyo ni yeye au basi. Ameniagiza nitembee kidogo kidogo na ninywe maji mengi, mtungi mzima kwa siku kama naweza.

Nimeshona bendera mchana kutwa. Kila mtu anataka bendera ya Uhuru. Nyonga ya kushoto inauma nikikanyaga cherehani, nakanyaga kwa mguu mmoja.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mama mmoja alikuja kupimwa gauni. Nilipoinama na futi akaziba pua kwa ncha ya kanga. Nikajifanya natafuta chaki.

Bwana Kanji amewasha ubani dukani. Kila nikikaa anawasha. Hasemi kwa nini, na mimi siulizi. Natamani aniseme tu, tugombane, yaishe.

Ijumaa, 6 Oktoba

Sikwenda msikitini. Sheikh alishanieleza: mtu asiyeweza kuzuia mkojo anatawadha wakati wa sala ukiingia, anasali, na sala yake ni sahihi. Dini imenipa ruhusa. Pua za watu hazijanipa. Ijumaa iliyopita jirani yangu alisogea pembeni, pakabaki nafasi katikati yetu. Safu haitakiwi kuachwa na nafasi. Anajua. Akasogea hata hivyo.

Nimesali nyumbani kwa hasira mpaka nikapoteza hesabu ya rakaa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimepata njia. Sinywi. Kikombe kimoja cha chai alfajiri, kingine magharibi. Mtu aliyefunga Ramadhani tangu utotoni hashindwi na kiu. Ni kama mfungo tu, tofauti nakula. Chupa inafika nusu basi. Leo nimekaa na cherehani asubuhi nzima bila kuinuka, na Bwana Kanji kasahau ubani.

Nimekwenda Ijumaa. Nimesimama katika safu. Hakuna aliyesogea.

Mke wangu Asha kauliza mbona mtungi haupungui. Nimemwambia nakunywa dukani. Kanitazama, akaufunika mtungi.

Jumanne, 24 Oktoba

Mkojo umekuwa mzito, rangi ya chai isiyo na maziwa. Asha ndiye anayeosha chupa jioni. Kanionyesha mchanga chini ya chupa. Mchanga kweli, ukiusugua kwa kidole unakwaruza. Kaniuliza moja kwa moja kama nakunywa maji. Nimemfokea. Nimemwambia yeye si daktari, aoshe chupa anyamaze.

Akaosha, akanyamaza. Nimeona aibu, lakini sikuomba radhi. Maji bado sinywi. Bendera zimenirundikia mpaka juu ya meza, kitambaa cha kijani kinakaribia kwisha mjini, na Bwana Kanji anataka zote kabla ya Desemba.

Jumapili, 29 Oktoba

Mpira umeziba.

Tangu asubuhi halishuki tone. Tumbo limejaa, gumu, siwezi kukaa, siwezi kulala. Asha kaukamua mpira kwa vidole, kaupuliza kwa mdomo wake. Kwa mdomo wake. Hakuna kitu. Nimelia mbele yake. Kamkimbilia Bwana Kanji, aje na gari.

Jumatatu, 30 Oktoba

Wodini. Dresa Kaijage, msaidizi wa daktari, aliuchomoa ule mpira jana mchana. Ncha imejaa mawe, kama chokaa iliyogandia birika. Mkojo ukaruka mpaka ukutani, nyuma yake damu, nyuma yake usaha. Kaweka mpira mpya. Hakunisema. Kaniuliza tu nakunywa kiasi gani, na mimi nikamwambia kweli.

Daktari amepita leo. Yeye kanisema. Anakijua Kiswahili cha kutosha kwa matusi ya heshima. Mkojo mchafu hapasui, mshono utaoza. Kanifuta kwenye watu wa Novemba. Nilimuuliza lini sasa. Akatazama dirishani, akasema hajui kama hiyo lini ipo.

Mimi mwenyewe nimefanya hivi. Siyo dereva wa lori. Nilitaka kusimama katika safu nisinuke, sasa nanuka wodi nzima.

Jumamosi, 4 Novemba

Homa. Kutetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Sindano mara nne kwa siku, makalio hayana pa kuchomwa. Nakunywa. Nakunywa mpaka natapika, natapika nakunywa tena. Kwenye kitanda cha jirani kuna mzee wa Nansio aliyepasuliwa ngiri. Ananishika mkono homa ikipanda, ananiambia kwa lafudhi ya kwao, "Vumiria, baba, vumiria." Nimechoka kuvumilia. Sikumwambia.

Jumanne, 7 Novemba

Shemeji Masudi kaja kutoka Magu. Kaka yake Asha, mfanyabiashara wa mchele, mtu wa maneno machache. Kaleta ndizi. Kakaa kwenye kigoda, kautazama mpira, kaitazama chupa, kisha kanitazama mimi. Asha alikuwa amekwenda kuteka maji. Masudi akasema, "Shemeji, sikuja kwa ubaya. Lakini mdogo wangu ni kijana. Mimi nangoja mpaka mfungo wa Ramadhani. Ukiingia uko hivi hivi, tutakwenda kwa kadhi."

Nikamjibu nimesikia. Ningekuwa mimi kaka, ningesema hivyo hivyo. Hapo ndipo panaponiuma. Sina hata wa kumchukia.

Anachouliza ni kama mimi bado mwanamume. Sijui. Tangu Julai sijaamka hata mara moja kama zamani. Daktari kasema tuanze na mkojo, hilo jingine tuliache kwanza.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimeota nakojoa. Nimesimama ziwani, maji yamefika magotini, nakojoa tu, haiishi. Nimeamka na furaha mpaka nilipoushika mpira.

Jumatano, 15 Novemba

Asha kaniambia kwa taratibu, huku ananivua shati kuniogesha, kwamba Bwana Kanji amemkalisha fundi mwingine kwenye cherehani yangu. Bendera haziwezi kungoja. Cherehani ni ya Kanji, ana haki. Nimegeukia ukuta.

Leo sikutaka kunywa. Siyo kwa sababu ya harufu. Nimeona kama mpira ukiziba tena na mimi nikanyamaza, basi itakuwa imekwisha, na Asha atakuwa huru bila kadhi wala aibu. Nimeiwaza hiyo mpaka mchana.

Dresa Kaijage kapita, kaona mtungi umejaa. Kavuta kigoda, kakaa, kanywa kikombe yeye, kanijazia kingine. Tukanywa hivyo hivyo, yeye kimoja mimi kimoja, mpaka mtungi ukaisha. Akaondoka kwenda kutafuta choo. Nimemwonea wivu, nikacheka. Nimecheka kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Alhamisi, 23 Novemba

Mkojo mweupe. Daktari kauinua kwenye mwanga wa dirisha, kaunusa, kasema vizuri. Atanipasua Jumanne ya tarehe tano Desemba. Kasema asingependa kuifanya kwa haraka hivi, wala asingependa kuniacha nayo.

Mara hii hakuna kuahirisha. Ikishindikana naishi na mpira maisha yangu yote, na watu wa mpira hawaishi sana. Kaijage hakunificha.

Jumatatu, 4 Desemba

Wameninyoa. Sili tangu mchana.

Nimemwambia Asha leo. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku nyingi, yakatoka ovyo. Kwamba nikifa sina neno naye. Kwamba nikipona nusu nampa talaka yake kwa wema, aende Magu, kaka yake atampatia mtu mzima. Nilidhani atalia. Akaudhika. Aliweka bakuli chini, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa namwaga hiyo chupa. Ningetaka kwenda, ningekwenda ilipokuwa imejaa."

Kisha akanigombeza kwa ajili ya ile siku niliyomfokea kuhusu mchanga. Alikuwa ameiweka moyoni wakati wote huu. Nikaomba radhi. Akasema hajanisamehe, nikipona nitamwomba tena vizuri.

Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 8 Desemba

Leo ndiyo naweza kushika kalamu.

Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa. Wakaiinua, wakaifunga juu kwenye vyuma viwili, kama mwanamke anayejifungua. Sijawahi kuwekwa hivyo mbele ya watu. Nikafumba macho. Daktari alipasua chini, katikati ya mapaja, na juu akapitisha chuma kwenye tundu langu la zamani. Chuma kimoja kinatoka kibofuni, kingine kinatoka mbele, na yeye kati anatafuta vikutane. Nilisikia vikigonga kitu, haviingiliani. Kovu. Alilikata lile kovu kidogo kidogo. Nilisikia kila kipande kikiangushwa kwenye bakuli.

Mimi ni fundi, nilielewa. Kipande kilichooza hushoni juu yake. Unakikata chote mpaka ufikie kitambaa kizima huku na huku. Lakini ukikata sana kinakuwa kifupi, na ukikivuta ili kifike, mshono utaachia. Nilitaka kumwambia asivute. Ulimi ulikuwa mzito. Baadaye wakanipa dawa ya usingizi.

Sasa nina mipira miwili. Mmoja tumboni, mmoja umepita mbele kwenye njia mpya mpaka kibofuni. Mshono ushikane juu yake. Nisigeuke, nisikohoe, nisijivute.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru. Tangu alfajiri ngoma. Watu wanapita barabarani wanaimba, malori yanapiga honi, manesi wamebandika bendera kila kitanda. Ya kwangu nimeitambua haraka, si kazi yangu. Mshono umepinda, rangi ya dhahabu imekatwa pana upande mmoja kuliko wa pili. Huyo ndiye aliyekalia cherehani yangu.

Mzee wa Nansio alikuwa karuhusiwa jana, kafikia kwa ndugu hapa mjini. Akarudi leo kwa mguu, na mkongojo, kuniletea kipande cha nyama ya sherehe kwenye jani. Tumekula pamoja. Nimefurahi kwa ajili ya nchi, kweli nimefurahi, machozi yamenitoka. Nikacheka mara moja kwa nguvu, mshono ukauma, nikanyamaza.

Asha kaja na kanga mpya. Kapendeza. Nilimwambia aende akacheze. Hakwenda.

Jumatano, 20 Desemba

Usaha kidogo pembeni ya mshono wa chini. Daktari anaubonyeza, anakunja uso. Naukagua uso wake kuliko ninavyoukagua mshono. Nasali kitandani, kwa macho tu. Sijui naomba nini tena.

Alhamisi, 28 Desemba

Mpira wa mbele umetolewa. Wakaufunga ule wa tumboni kwa uzi ili mkojo usipate pengine pa kwenda. Kaijage kaniambia ninywe, nikijisikia niende nikachuchumae.

Nimechuchumaa. Hakuna kitu. Nimerudi, nimekunywa, nimechuchumaa. Nimesukuma mpaka mshipa wa shingo ukatuna. Hakuna. Tumbo likaanza kujaa kama ile siku ya mwezi wa kumi, na mimi nikaanza kutetemeka kabla hata ya maumivu. Jioni wakaufungua ule wa juu, ukashuka wote chupani kama kawaida. Chupa ile ile.

Daktari anaondoka Jumapili. Kaniambia wakati mwingine ni uvimbe. Hakusema wakati mwingine ni nini. Asha kakaa pembeni ya kitanda, kashika mguu wangu juu ya shuka. Imekwisha. Najua imekwisha.

Ijumaa, 29 Desemba

Umetoka.

Asubuhi, baada ya chai. Sikusukuma. Nilikuwa nimechoka hata kusukuma, nimechuchumaa kwa sababu nimeambiwa. Kwanza moto, kama pilipili. Kisha tone. Tone jingine. Kisha ukashikana ukawa uzi, mwembamba, umepinda upande, umenilowesha mguu. Sikuuzuia. Nimeutazama unavyolowesha mguu wangu.

Nimeita jina la Asha kwa sauti kubwa hivi kwamba nesi kaja mbio akidhani nimeanguka.

Jumapili, 31 Desemba

Daktari kaondoka. Kabla ya kwenda kamwelekeza Kaijage mara ya mwisho jinsi ya kutumia vyuma vya kupanulia njia, vipo vya unene mbalimbali, ameviacha. Njia itataka kujifunga tena. Kovu ndiyo kazi yake. Kila mwezi, labda maisha yote, chuma kipitishwe. Na lile jingine, kasema, linaweza kurudi kwa mwaka, linaweza lisirudi. Kanipa mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikasema asante.

Jumatano, 17 Januari 1962

Tundu la tumboni limefunga. Leo chuma kwa mara ya kwanza. Uzi ulikuwa umeanza kuwa mwembamba zaidi, nikaogopa, nikaficha, Asha akasikia kwa masikio yake kupitia ukuta wa choo kwamba nakawia. Kanipeleka mwenyewe.

Sitaki kuieleza. Nimeuma kitambaa. Kaijage alipitisha polepole, anaongea muda wote habari za migomba ya kwao Bukoba, mpaka kikaingia. Damu kidogo. Nyumbani uzi umekuwa mnene tena. Mwezi ujao tena. Na mwezi mwingine. Nalia nikifikiria, kisha naenda chooni, unatoka, nanyamaza.

Bwana Kanji kanirudishia cherehani. Yule mwenzangu kahamia Geita. Sare za shule zimeanza.

Jumatatu, 29 Januari

Masudi katuma salamu: mfungo umekaribia. Asha kasema hatungoji aje, twende sisi Magu, atazungumza naye yeye mwenyewe mbele yangu. Nilimwambia lile jingine bado, na kaka yake ataliuliza. Kasema hilo ni la chumbani kwake, kaka yake hana kitanda humo.

Ile radhi nimeiomba tena, vizuri. Kasema atafikiria.

Jumapili, 4 Februari

Tumepanda lori la kwenda Magu, sisi na magunia na kuku wa watu. Nimekunywa maji kabla ya kuondoka, mengi, mbele ya Asha. Njiani mkojo ukanijia. Nikaogopa kama kawaida, lakini dereva akasimamisha mwenyewe, watu wajisaidie. Wanawake upande huu, wanaume upande ule.

Nimechuchumaa nyuma ya kichaka pamoja na wengine. Mimi nakwenda polepole, haiendi kwa haraka, lazima ningoje. Wenzangu wakamaliza, wakapanda. Dereva kapiga honi. Nikabaki. Kapiga tena. Kijana mmoja juu ya magunia akaita, "Bwana harusi, umebaki wewe tu!" Lori zima likacheka.

Hawakujua. Walimcheka mtu anayekawia tu, kama anavyochekwa yeyote. Nikamsikia Asha akiwajibu kutoka juu, sauti kavu, kwamba wangoje, mtu hakatizwi.

Wakangoja. Nikamaliza, nikajitwahirisha kwa maji ya kopo, nikarudi. Nimewaomba radhi kwa kuwachelewesha. Yule kijana akanipa mkono nipande, Asha akasogeza kikapu nipate pa kukaa, tukaendelea na safari.